Fyodi: hori lililochimbwa na barafu

Watalii wanaofika Khasab, mji wa rasi ya Musandam kaskazini kabisa mwa Omani, hupandishwa jahazi lililotandikwa mazulia na mito ya kuegemea, wakapelekwa kwenye maji tulivu yaliyobanwa na milima mikavu ya mawe ya chokaa. Pomboo hufuata jahazi, chai humiminwa, na matangazo ya utalii huwaambia kwamba hizo ndizo fyodi za Arabuni. Kotor, kwenye pwani ya Montenegro, nako kuna ghuba iliyozungukwa na milima mirefu, nayo huuzwa kwa jina hilohilo. Kisha kuna Norwei, nchi iliyoipa dunia neno lenyewe, ambako mtu anaweza kukodi boti pamoja na nahodha wake, akaingia Lysefjord na kuzunguka humo kwa saa kadhaa. Kati ya sehemu hizo tatu, ni moja tu inayostahili jina la fyodi kwa maana ya kitaalamu. Mfasiri wa Kiswahili anapaswa kuijua sababu yake kabla hajashika kalamu.

Fyodi ni mkono wa bahari, mrefu na mwembamba, wenye kuta za mwamba zilizosimama, uliojaza bonde lililochimbwa na mto wa barafu. Kila kipande cha maelezo hayo kina kazi yake, lakini roho ya istilahi iko kwenye neno la mwisho. Mabonde ya Musandam yalichongwa na mito ya maji. Ardhi ya rasi ile ikazama taratibu kwa kuwa bamba la Arabuni linasukumwa chini ya bamba la Ulaya na Asia, bahari ikapanda mabondeni. Kotor pia ni bonde la mto lililomezwa na bahari. Yote mawili ni mahali pa kupendeza, na hayapungukiwi chochote kwa kuitwa kwa jina lake halisi.

Lysefjord ni darasa zuri la maana hiyo, hasa kwa anayekodi boti ya binafsi badala ya kupanda meli ya watalii wengi. Boti inayotumika sana ni ya mwendokasi, yenye tumbo gumu na mbavu za mpira uliojazwa upepo, na hubeba watu wachache. Abiria huvishwa suti nene ya kuelea, miwani ya kukinga upepo na glavu, hata mwezi wa Julai, kwa maana upepo wa juu ya maji yale unakata. Faida ya safari ya namna hii ni uhuru wa kusimama. Abiria akiomba injini izimwe, inazimwa. Akitaka kuugusa mwamba kwa kiganja, nahodha anaweza kusogea hadi hapo, kwa sababu mahali pengi ukuta wa fyodi huzama wima majini na hakuna jiwe la pembeni la kupasua tumbo la boti. Hilo peke yake ni somo: kwenye pwani ya kawaida, chombo kinachosogea ukingoni namna hiyo hupanda mwamba.

Kutoka bandari ya Stavanger boti hupita kati ya visiwa, halafu hufika chini ya Daraja la Lysefjord, lililofunguliwa mwaka 1997 kuunganisha Oanes na Forsand. Abiria wengi hapo huinua simu kupiga picha za daraja, ilhali jambo kubwa liko chini ya miguu yao. Mlangoni hapo, karibu na Forsand, maji yana kina cha mita 13 tu. Boti ikiendelea ndani hadi chini ya mwamba wa Preikestolen, kina huzidi mita 400. Bahari tuliyoizoea huongezeka kina kadiri mtu anavyoiacha nchi kavu. Fyodi hugeuza utaratibu huo: kilindi kiko ndani, maji haba yako mlangoni.

Uliofanya hivyo ni mto wa barafu. Katika enzi za barafu, Norwei ilifunikwa mara nyingi na barafu nene iliyoteremka kuelekea baharini kwa kufuata mabonde yaliyokuwepo. Ilipobanwa kati ya milima ilikuwa nzito na yenye nguvu, ikikwangua sakafu kwa mawe iliyoyabeba tumboni mwake, ikashuka chini kabisa ya usawa wa bahari. Ilipofika mahali pa wazi ilitanuka, ikakonda, ikapoteza nguvu, ikautua mzigo wake wa mawe na changarawe. Kiswahili hakina haja ya kukopa neno kwa ajili ya sehemu hiyo ya mlangoni iliyoinuka. Wanorwei huiita kwa neno lao la kizingiti cha mlango, na kizingiti kinatosha kabisa kwetu pia: kizingiti cha fyodi.

Ni haki kumtaja hapa Jens Esmark, profesa wa Christiania, mji ambao leo ni Oslo. Si mbali na mlango wa Lysefjord kuna tuta kubwa la mawe na changarawe kando ya ziwa Haukalivatnet, sawa na matuta yanayoonekana mbele ya mito ya barafu iliyo hai milimani, ila hapo barafu haipo na bahari iko karibu. Esmark alilichunguza, na mwaka 1824 akaandika kwamba barafu iliwahi kuifunika Norwei hadi chini kwenye usawa wa bahari. Wakati huo lilikuwa dai zito. Kitabu cha Louis Agassiz kilichoeneza fikra ya enzi ya barafu kilitoka mwaka 1840, miaka 16 baadaye, na kwa muda mrefu sifa nyingi zilikwenda kwake. Waongozaji wa safari za Lysefjord wangefanya jema kulitaja jina la Esmark boti inapopita Forsand.

Preikestolen maana yake ni mimbari. Ni jukwaa bapa la mwamba, takriban mita 25 kwa 25, lililotokeza mita 604 juu ya maji. Wanaolipanda kwa miguu hutembea kilomita 4 kwenda na nyingine 4 kurudi ili wachungulie chini. Aliye ndani ya boti huona kinyume chake: kona ndogo ya jiwe angani, na juu yake nukta zinazosogea, ambazo ni watu. Hapo ndipo injini inapofaa kuzimwa. Mita 600 za mwamba zinaonekana, na mita 400 nyingine zimezama, kwa hiyo abiria ameketi katikati ya ukuta mmoja wenye urefu wa zaidi ya kilomita moja kutoka kileleni hadi sakafuni. Mto wa maji huchonga bonde lenye ncha chini, kama herufi V. Barafu huchonga bonde lenye sakafu pana na kuta wima, na umbo hilo msomaji wa Kiswahili analijua vizuri, kwa kuwa ni umbo la hori la kulishia ng'ombe.

Baada ya hapo nahodha huisogeza pua ya boti hadi karibu kabisa na maporomoko ya Hengjanefossen. Mhudumu hukinga maji, abiria wakanywa. Ni baridi, hayana ladha ya chumvi wala ya udongo. Maporomoko hayo nayo ni alama ya barafu. Bonde dogo la pembeni lilikuwa na barafu ndogo isiyoweza kuchimba sawa na ile kubwa. Barafu zote zilipoyeyuka, bonde dogo likabaki likining'inia juu ya bonde kubwa, na kijito chake hakina njia ya kuteremka isipokuwa kuruka. Maji hayo matamu, yakiongezwa na mvua na theluji inayoyeyuka, huelea juu ya maji ya chumvi yaliyo mazito zaidi. Fyodi kwa hiyo huwa na tabaka, na kizingiti cha mlangoni huyachelewesha maji ya chini kubadilishana na ya bahari kuu. Kwenye fyodi nyingine za Norwei, kama Framvaren, maji ya chini yamekaa bila kubadilishwa hadi yameishiwa oksijeni.

Vivutio vingine huja kwa zamu. Kuna Fantahåla, ufa mwembamba mwambani ambamo boti ndogo huingia pua kwanza, na ambamo kwa mujibu wa masimulizi ya wenyeji wazururaji walijificha wasikamatwe. Kuna sili waliolala juu ya mawe, na mbuzi wanaoshuka hadi ukingoni wakijua kwamba boti huja na chakula. Safari ndefu hufika Flørli, kitongoji kisicho na barabara chenye ngazi ya mbao ya vidato 4,444 iliyojengwa kwa ajili ya mtambo wa umeme wa maji. Mwisho kabisa, kilomita 42 kutoka mlangoni, kiko kijiji cha Lysebotn, ambacho barabara yake hupanda mlima kwa kona 27 kali.

Kuta zile zina upande wa pili pia, na safari isiyoutaja haijakamilika. Barafu ilipoondoka iliacha milima bila kitu cha kuiegemeza. Usiku wa tarehe 7 Aprili 1934, katika Tafjord, kaskazini zaidi, kipande kikubwa cha mlima kiliporomoka majini na kuinua wimbi la zaidi ya mita 60. Watu 40 walikufa. Leo mlima wa Åkerneset, karibu na Geirangerfjord, una ufa unaotanuka kila mwaka, nao unapimwa mchana na usiku ili vijiji viweze kuhamishwa mapema. Watu wa huko wanaishi na maana hii ya neno fyodi kila siku.

Sasa Kiswahili kiseme nini? Neno hori lipo tayari kwa mkono wa bahari ulioingia nchi kavu. Ni neno la pwani, lenye udugu na khor ya Kiarabu, na khor ndilo jina ambalo wenyeji wa Musandam wanayaitia maji yao hadi leo. Mswahili wa Maskati anayetaka kuwaeleza jamaa zake wa Unguja alikotembea hahitaji neno la Norwei: alikwenda kwenye mahori ya Musandam. Ghuba ni pana mno, kwa maana ni neno lilelile la Ghuba ya Uajemi. Mlango wa bahari nao hukosea, kwa sababu huunganisha maji ya pande mbili, ilhali fyodi imefungwa upande mmoja.

Hori lenyewe linatosha kwa fyodi? Mombasa inajibu. Kilindini, jina linalotokana na kilindi, pamoja na mahori ya Tudor, Mtwapa na Kilifi, ni mabonde ya mito yaliyozamishwa. Miaka 20,000 hivi iliyopita, bahari za dunia zilikuwa chini kwa takriban mita 120, kwa sababu maji mengi yalikuwa yamegandia kwenye barafu za kaskazini, ile ya Norwei ikiwemo. Mito ya pwani yetu ikachimba chini zaidi kuifuata bahari iliyorudi nyuma, na barafu zilipoyeyuka bahari ikarudi na kuyajaza mabonde hayo. Enzi moja ya barafu imeshiriki kuumba Kilindini na Lysefjord, lakini kwa patasi mbili tofauti. Tukiziita zote hori bila kuongeza neno, tutakuwa tumeifuta tofauti ambayo istilahi iliundwa kuionyesha. Mwalimu wa jiografia anayetafuta mfano wa karibu wa patasi ya barafu ampeleke mwanafunzi kwenye Bonde la Teleki, Mlima Kenya: sakafu pana, kuta zilizosimama, kasoro bahari.

Wanorwei wenyewe hawalichungi neno lao sana, na hili huwapotosha wafasiri. Katika lugha yao ya kila siku hata ziwa huitwa fjord: Randsfjorden na Tyrifjorden ni maziwa ya maji matamu. Oslofjord imelala kwenye bonde la ufa la kale sana, lililofunguka takriban miaka milioni 300 iliyopita. Upande mwingine wa dunia, Milford Sound ya New Zealand ni fyodi kamili ingawa jina lake halisemi hivyo. Jina la ramani, basi, si ushahidi. Mfasiri atazame kizingiti, kina na kuta.

Kwa mkopo, tahajia ya fyodi ndiyo bora kuliko fiodi, fyordi au fjodi. Ulimi wa Kiswahili una fy tangu zamani: fyeka, fyonza, fyatua. Herufi j ingesomwa kama ya jani, sauti ambayo Wanorwei hawaitoi hapo. Kuhusu r iliyo mbele ya d, mikopo yetu mingi imeiangusha bila kuona hasara, kama bodi na rekodi. Neno linakaa vizuri katika ngeli ya i-/zi-: fyodi hii ina kina kirefu, fyodi hizi zina vizingiti. Kamusi inaweza kulifafanua kwa kutumia mali yetu wenyewe: hori refu na lenye kuta wima, lililochimbwa na mto wa barafu kisha likajazwa na bahari.

Majina ya mahali yaachwe yalivyo. Tangazo la safari liseme ziara ya boti ya binafsi katika Lysefjord, wala lisiseme fyodi ya Lysefjord, ambayo inarudia neno lilelile mara mbili. Tangazo la Khasab lenye kuuza fyodi, likiletwa kwa mfasiri, libadilishwe bila woga: ziara ya jahazi katika mahori ya Musandam.