Makala Yanashuka, Taa Haipandi: Historia Fupi ya Umeme Masisi na Walikale

Leo nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho tunakiona kila siku bila kukifikiria.

Simama Sake, kilomita kama 25 kutoka Goma, pale barabara ya Masisi inapokutana na ile ya Bukavu. Vita ikitulia kidogo, utaona magari yamejaa makala ya kupikia, mbao, maharagwe, viazi na jibini. Yote yanashuka mjini. Nilipokuwa mwanafunzi Goma nilipikia makala hayo miaka yote, na hata siku moja sikujiuliza: kule yanakotoka, usiku watu wanawasha nini?

Jibu liko ndani ya historia.

Tuanze na Wabeljiji. Milima ya Masisi ilikuwa na msitu mzito. Wakati wa ukoloni, sehemu yake ilikatwa kupisha chai, kahawa, pareto na malisho ya ng'ombe. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kituo cha umeme cha Ruzizi kikajengwa karibu na Bukavu. Umeme ule ulikuwa kwa ajili ya mji na viwanda. Mlimaji wa Masisi hakuhesabiwa.

Uhuru ukaja, na mawazo yakabaki yaleyale. SNEL ilianzishwa mwaka wa 1970, Inga ya kwanza ikafunguliwa 1972, ya pili 1982. Katika miaka hiyohiyo Leta ilivuta nyaya zenye urefu wa kilomita kama 1,700 kutoka Inga mpaka Katanga, kwa ajili ya migodi ya shaba. Nyaya zile zilipita juu ya vijiji vingi sana, na vijiji vikabaki gizani chini yake. Mimi naona hiyo picha inaeleza nchi yetu vizuri kuliko hotuba yoyote: pesa ya umma ilikuwepo, deni tulilibeba sote, lakini umeme ulifuata madini.

Miaka ya 1990 Leta ikaanguka, vita vikaingia, na kila mtu akajitafutia. Mwenye uwezo alinunua jenereta na mazutu. Asiye na uwezo alibaki na kuni, kitoroli na tochi.

Mwaka wa 2014 kikatokea kitu kipya. Sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 iliondoa ukiritimba wa SNEL. Kwetu Kivu Kaskazini matokeo yake tuliyaona. Mutwanga ilikuwa imeshawasha tangu 2013, Matebe katika Rutshuru ikafuata 2015, na mwaka wa 2020 kampuni ya Nuru ikawasha kituo cha jua cha megawati 1.3 pale Ndosho, Goma. Ni kazi nzuri, siwezi kuibeza. Lakini tuangalie mfuko: Matebe ilijengwa kwa pesa za wakfu wa Howard Buffett, Nuru kwa pesa za wawekezaji. Anayetoa pesa ndiye anayechagua nguzo isimame wapi. Kati ya vituo hivyo vitatu, hakuna hata kimoja kilichojengwa Masisi wala Walikale.

Sasa twende Walikale. Ni teritwari kubwa kuliko zote za jimbo letu, zaidi ya kilomita za mraba 23,000, karibu yote msitu. Dunia nzima inasema msitu huo unapunguza joto la sayari. Na chini yake kuna bati. Pale Bisie, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, vijana walibeba mawe ya kasiterite mgongoni wakikata msitu kwa miguu, kisha ndege ndogo zikayapakia pale Kilambo, zikitua juu ya barabara ya magari, na kuyapeleka Goma. Mwaka wa 2019 mgodi wa viwanda wa Alphamin ukaanza kuzalisha. Bati hilo ndilo linalounganisha vipande ndani ya simu na kompyuta. Kumbe tunachangia teknolojia ya dunia, na mtoto wa Walikale anasomea kwa tochi!

Hapa ndipo wengi wetu tunasema: "Leta haina pesa ya vijiji." Mimi pia nilisema hivyo, mpaka niliposoma sheria zenyewe.

Kodeksi ya madini iliyorekebishwa mwaka wa 2018 inasema kwamba mrabaha wa madini unagawanywa: 50% serikali kuu, 25% jimbo, 15% entite ya mahali mgodi ulipo, yaani sekta au sheferi, na 10% mfuko wa vizazi vijavyo. Zaidi ya hapo, kampuni inapaswa kutenga angalau 0.3% ya mauzo yake kwa miradi ya jamii zilizo karibu na mgodi, na wawakilishi wa jamii wanakaa kwenye kamati inayoisimamia. Kwa upande wa umeme, kuna shirika la umma ANSER, lililoundwa 2016 kwa ajili ya vijiji na pembezoni mwa miji, na linasimamia Mfuko wa Mwinda. Mwinda kwa Kilingala ni taa.

Basi milango iko. Kwa nini taa haipandi? Vita ni sababu kubwa, hatuwezi kujidanganya. Wizi na uzembe pia. Lakini kuna sababu ya tatu, na hiyo inatugusa sisi: pesa ya jamii inahitaji jamii iliyojipanga. Inahitaji kooperative yenye karatasi, hesabu safi, mtu anayejua kupima nguvu ya maji ya mto, na mtu anayeweza kusoma bajeti ya sekta na kuuliza maswali.

Wengine walipita njia hiyo. Mwaka wa 1935 huko Marekani, karibu mashamba tisa kwa kumi hayakuwa na umeme, kwa sababu kampuni hazikuona faida vijijini. Serikali ilianzisha shirika la kukopesha pesa, na wakulima wakaunda kooperative zao, wakakopa, wakasimamisha nguzo wenyewe. Pesa ilikuwa ya umma, mikono ilikuwa yao.

Najua mtu atasema: "Ndugu, watu wanakimbia risasi, wewe unaongea umeme?" Tukumbuke Januari 2025. Mapigano yaliharibu nyaya zinazoleta umeme Goma, na sehemu kubwa ya mji ikabaki giza. Maji nayo yakakatika kwa sababu pampu hazikuwa na nguvu, watu wakashuka ziwani na mabidoni. Mji uliotegemea nyaya zinazotoka mbali ulikwama. Vituo vidogo vingi, vya jua na vya mito, vilivyo mikononi mwa wakaaji wenyewe, ni usalama pia.

Kila mmoja wetu aliyemaliza shule ana sekta au sheferi yake. Ukirudi nyumbani, uliza mambo matatu: mrabaha uliingia kiasi gani? Nani anakaa kwenye kamati ya ile 0.3%? Nani aliwahi kuandika mradi wa umeme na kuupeleka ANSER? Ukikuta hakuna aliyeandika, basi kalamu unayo wewe. Tuliponunua makala miaka yote hiyo, tulikopa kwa watu wa Masisi na Walikale. Deni hilo ni letu.