Maneno Yaliyosemwa Juu ya Rungwa

Anayesafiri kutoka Itigi kwenda Makongolosi hupita katikati ya miombo kwa saa nyingi, na Rungwa iko humo njiani. Ni nchi ya Wakimbu, warina asali wa tangu zamani. Watu ni wachache, wanyama ni wengi. Hata hivyo, kwa karibu miaka 150 wenye mamlaka wamekuwa na maneno ya kuwashawishi watu wa huku, au ya kuwashawishi wa mbali kwa ajili ya huku, na aina hizo mbili za maneno hazikuwahi kufanana.

Mwanzo walitumia hofu. Katika miaka ya 1870 Nyungu ya Mawe, mwana wa ukoo wa kitemi wa Unyanyembe, aliitwaa Ukimbu, nchi ya Wakimbu, akiwa na wapiganaji wake walioitwa rugaruga. Jina lenyewe lilitangulia jeshi: chungu cha mawe, kisichovunjika. Inasimuliwa kwamba wapiganaji wake aliwaita magogo, na vita vilipokuwa vikali aliamuru magogo mengine yaongezwe. Adui aliyesikia hivyo alijua anapambana na mtu asiyehesabu hasara. Lakini hofu peke yake isingeishika nchi. Nyungu aliwaacha watemi wa zamani na matambiko yao, akaweka watwale, yaani wasimamizi wake, juu yao, na alipofariki mwaka 1884 utawala ukapita kwa binti yake Mgalula bila kusambaratika. Vitisho vilifungua mlango, heshima kwa mila ikawakalisha watu.

Wakoloni hawakujisumbua kushawishi. Pori la Akiba la Rungwa lilitangazwa enzi zao, na aliyezoea kuingia humo na mizinga yake akajikuta anahitaji kibali.

Kisha maneno yakarudi kwa kishindo. Septemba 1961, kwenye mkutano wa uhifadhi mjini Arusha, Julius Nyerere alitoa tamko ambalo hadi leo huitwa Azimio la Arusha la wanyamapori, tofauti na lile la 1967. Waliotia saini pamoja naye ni Chifu Abdallah Fundikira na Tewa Saidi Tewa. Aristotle alifundisha kwamba msemaji huwashika watu kwa hadhi yake, kwa hisia anazoamsha na kwa hoja anayojenga, na tamko lile lina vyote vitatu. Saini ya Fundikira, mtemi wa Unyanyembe, ilikuwa hadhi tosha. Wanyama walitajwa kuwa chanzo cha ajabu na cha msukumo wa moyo, kisha kuwa sehemu ya riziki yetu ya kesho. Mwishoni mataifa mengine yaliombwa wataalamu na fedha. Nyerere huyo huyo anakumbukwa kwa kusema kwamba yeye binafsi hana hamu ya kutumia likizo yake kutazama mamba, ila wanyama wangekuja kuipa nchi pato kubwa baada ya almasi na katani. Msemaji ni mmoja. Alijua nani anamsikiliza.

Oktoba 9 mwaka huo, gazeti la Daily Mirror la Uingereza lilijaza ukurasa wa mbele picha ya kifaru na onyo kwamba anatoweka. Hapakuwa na hoja ndefu; palikuwa na huruma na njia ya kutuma pesa. Wasomaji wakachanga makumi ya maelfu ya pauni kwa shirika changa la uhifadhi, WWF. Mwaka 1964 sehemu ya pori la Rungwa ikamegwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha.

Ushawishi ninaouheshimu zaidi ulikuja mwaka 1973, na haukuhusu wanyama. Kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wapatao milioni 2 nchi nzima katika vikundi vidogo. Kikundi kilisikiliza Radio Tanzania, kikasoma kijitabu, kikajadili malaria, kichocho na kuhara, kisha kikaamua chenyewe kifanye nini kijijini. Kazi iliendelea kwa wiki 12, na mamia ya maelfu ya vyoo vilichimbwa. Msikilizaji alikuwa na nafasi ya kujibu, na aliyekwisha kujibu mbele ya majirani zake aliona haya kutochimba.

Tembo hawakupata kampeni ya namna hiyo. Operesheni Uhai ya mwaka 1989, msako dhidi ya majangili, iliwategemea askari, na Oktoba mwaka huo, mjini Lausanne, biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ikapigwa marufuku. Ujangili ulipungua kweli, kisha ukarudi: hesabu ya tembo wa Ruaha na Rungwa ilishuka kutoka zaidi ya 31,000 mwaka 2009 hadi takriban 20,000 mwaka 2013. Mabango dhidi ya ujangili yalichapishwa, na mengine yalisomwa kwenye viwanja vya ndege, ambako mrina asali wa Rungwa hapiti. Yeye ndiye anayezijua njia za tembo na za majangili pia, na ndiye ambaye kikundi cha redio cha mwaka 1973 kingemuuliza kwanza.