Maunzi ya Kompyuta na Wauza Vipuri wa Kampala

Ashukaye kutoka Barabara ya Kampala kuelekea bonde la Nakivubo huona bei zikishuka pamoja naye. Juu, jirani na mabenki, kompyuta huuzwa mpya, ikiwa ndani ya sanduku lake pamoja na hati ya dhamana. Chini, katika vichochoro vya karibu na vituo vya teksi, mashine iyo hiyo huuzwa vipande vipande, na muuzaji hujua kila kipande kimetoka wapi na chaweza kuingia wapi. Kompyuta ilipofika katika mji huu iliwakuta watu waliokwisha kuizoea kazi ya kufungua, kunyofoa na kuunga. Jambo hilo lina historia yake.

Yafaa tuanzie Katwe. Kitongoji hicho, kilicho karibu na lubiri la Mengo, kilijulikana tangu zama za ukoloni kwa mafundi wake wa vyuma, wa baiskeli na wa magari. Neno lenyewe “fundi” limekwisha kuingia katika Kiluganda, kama lilivyoingia “duka”, wala halikuletwa na mwalimu wa shule. Lakini sifa ya Katwe ilikuzwa hasa na dhiki. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia, akawapa siku 90 kuondoka. Maduka mengi yaliyokuwa yakiagiza bidhaa kutoka ng'ambo yakabaki bila wenye kuijua biashara hiyo. Fedha za kigeni zikaadimika, viwanda vikazorota, na magendo ikawa ndiyo njia ya kupata karibu kila kitu. Gari likiharibika, fundi alikuwa hana budi kukichonga kipuri kwa mkono, au kukiyeyusha upya, au kukitoa katika gari jingine lililokufa. Kutokana na shida hiyo watu wa Kampala walijifunza kukitazama kitu kibovu kama ghala. Soko la Kisekka, mashuhuri kwa vipuri vya magari, limeirithi elimu hiyo, na wauza vipuri vya kompyuta ni ndugu zake wadogo.

Upande wa pili wa historia hii ulitokea mbali sana na Katwe. Mwaka 1981 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa kompyuta yake ndogo ya mezani. Kwa kuwa ilitaka kuitoa upesi, ilinunua vipande vingi kwa watengenezaji wengine, kichakataji kikitoka Intel, kisha ikachapisha maelezo ya ufundi wa mashine hiyo. Haukupita muda kabla kampuni nyingine, kama Compaq, hazijatengeneza mashine za kufanana nayo. Hivyo kipande cha mashine moja kikaweza kufanya kazi katika nyingine, ingawa zina majina tofauti usoni. Lau kila kampuni ingelifungia ufundi wake, soko la vipuri lisingelikuwako, Kampala wala Luthuli Avenue ya Nairobi, wala Kariakoo ya Dar es Salaam, wala Bur Dubai ambako wafanyabiashara wetu wengi huenda kununua.

Uganda ilianza kuzipokea mashine hizo polepole. Makerere ilianzisha Taasisi ya Sayansi ya Kompyuta mwaka 1985, na kuelekea mwisho wa miaka ya 1990 mpango wa SchoolNet Uganda ulikuwa ukizifikisha mashuleni, zikiwemo zilizokwisha kutumika Ulaya na Marekani. Kompyuta ya mtumba ndiyo iliyowafungulia mlango wanafunzi wengi.

Mlango huo nusura ufungwe. Katika bajeti ya Juni 2009 serikali ilitangaza kupiga marufuku uingizaji wa kompyuta, televisheni na majokofu yaliyotumika. Sababu yake haikuwa ya kipuuzi: vioo vya zamani vya kompyuta vina risasi nyingi, na Afrika ilikuwa imeanza kugeuzwa jaa la wenye mali. Lakini mashirika ya hisani yaliyokuwa yakipeleka mashine zilizokarabatiwa, Computer Aid International la Uingereza likiwa mojawapo, yalilalamika kwamba shule ndizo zitakazoumia. Ajabu ni kwamba mwezi uliofuata, Julai 2009, waya wa baharini wa Seacom ulianza kazi katika pwani yetu: njia ilikuwa inapanuliwa wakati vyombo vya kuipitia vinakatazwa. Tanzania nayo ilikataza uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, kwa hofu nyingine, ikailegeza amri hiyo baadaye. Kwa maoni yangu, kosa la 2009 lilikuwa kuihesabu mashine inayotengenezeka na ile iliyokufa kuwa kitu kimoja. Fundi wa Katwe asingelichanganya hivyo.

Sasa tuje kwenye majina, maana asiyejua jina hulipa zaidi. Katika kamusi zetu mpya mwili wote wa kompyuta huitwa maunzi, neno zuri lenye udugu na kuunda na kiunzi. Dukani husikii neno hilo. Huko “sipiyu” ni sanduku zima, ambapo kwa haki ni kile kipande kidogo kinachofikiri, yaani kichakataji au prosesa. Mwanafunzi aliyetumwa kununua prosesa akataja sipiyu ataonyeshwa sanduku, na bei yake ataiona huko huko. Maza bodi ni ubao mkubwa ambao vyote huunganishwa juu yake. Ramu ni kumbukumbu ya muda, isahauyo umeme ukikatika. Hadi diski ndiyo ihifadhiyo.

Ramu yahitaji uangalifu. Ya DDR3, iliyotoka mwaka 2007, na ya DDR4 ya mwaka 2014 zinafanana kwa mtazamaji wa haraka, lakini pengo dogo la ukingoni halipo mahali pamoja, isiyoingia isilazimishwe. Hadi diski ya zamani hutumia waya mpana kama utepe, na ile ya SATA waya mwembamba. Mnunuzi achukue kipande chake kibovu mkononi akilinganishe.

Hatari kubwa zaidi imo katika pawa saplai. Nyuma ya nyingi za zamani kuna swichi ndogo nyekundu iliyoandikwa 115 na 230. Mashine iliyotoka Marekani huwa imewekwa 115, na umeme wa Uganda ni volti 240. Ikichomekwa hivyo hulipuka papo hapo, na yaweza kuiunguza maza bodi pamoja nayo. Swichi hiyo itazamwe kabla ya kuchomeka, kisha mashine iwashwe mbele ya muuzaji, ndipo pesa zitolewe.