Uwele, Mtama na Njaa ya Mtunya

Mkoa wa Singida, ulio katikati ya Tanzania, hupata msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka, nao huanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili. Wahenga wa Kinyaturu, Kinyiramba na Kigogo hawakutegemea ukarimu wa mawingu, bali walichagua mbegu zenye kuvumilia hali ya nchi yao: uwele na mtama. Mtama hupeleka mizizi yake mbali ardhini. Ukame ukizidi huacha kukua kwa muda, na mvua irudipo huendelea. Mahindi hayana subira hiyo, kwani yakikosa maji wakati wa kuchanua hukosa punje. Wanyaturu, tena, walirutubisha mashamba ya karibu na nyumba kwa samadi ya ng'ombe.

Hata hivyo, mbegu njema peke yake haimkingi mkulima. Kati ya 1917 na 1920 Ugogo, ambayo sehemu yake ya magharibi ni Manyoni katika mkoa huu, ilipatwa na njaa iliyoitwa Mtunya. Mvua zilikosekana, lakini majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalikuwa yamekwisha kuchukua nafaka, ng'ombe na wapagazi. Ukame ulikuta ghala tupu na mashamba yaliyopungukiwa na watu.

Basi tukumbuke kwamba mbegu, samadi, akiba na uhuru wa mkulima juu ya jasho lake ni mafiga ya chungu kimoja. Kijana audharauye uwele kuwa chakula cha maskini huidharau elimu iliyowahifadhi babu zake.