Profesa Aliyeshtushwa na Programu Yake

Muhula uliopita mwanafunzi wetu wa mwaka wa pili alitueleza kwamba anafanya mazoezi ya mazungumzo ya Kiswahili na kompyuta. "Inanielewa, Mwalimu," alisema. Kauli hiyo ilitukumbusha Profesa Joseph Weizenbaum.

Weizenbaum alizaliwa Berlin mwaka 1923 katika familia ya Kiyahudi, iliyokimbilia Marekani mwaka 1936. Alisomea hisabati, akashiriki kuunda mfumo wa kompyuta wa kushughulikia hundi za benki, na mwaka 1963 akaanza kufundisha katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts (MIT).

Mwaka 1966 alichapisha makala kuhusu programu yake, ELIZA. Jina alilitoa katika tamthilia ya Pygmalion ya Bernard Shaw, ambamo muuza maua hufundishwa kusema kama mabibi wakubwa. Kwa jina hilo peke yake, sisi walimu wa lugha tulipaswa kuifahamu mapema zaidi.

ELIZA ilitafuta neno la msingi katika sentensi, ikageuza nafsi, ikairudisha kama swali. Tuseme umeandika, "Ninamwogopa baba yangu." Jibu: "Kwa nini unamwogopa baba yako?" Baba ni nani, hofu ni nini, haikujua. Kwa Kiingereza kazi hiyo ni nyepesi, kwani nafsi husimama kama neno pekee. Katika Kiswahili nafsi imo ndani ya kitenzi: "ananipenda" sharti iwe "anakupenda", na "ni" hiyo isichanganywe na ile ya "ni mgonjwa" wala ya "nyumbani". Tuliwapa wanafunzi zoezi la kuandika kanuni hizo. Ubao ulijaa kabla ya kipindi kwisha, na viambishi vingine vikabaki nje. (Zoezi zuri la mofolojia, tunalipendekeza.)

Kilichomshtua Weizenbaum ni watu. Katibu muhtasi wake, aliyemwona akiijenga programu hiyo kwa miezi mingi, alianza kuongea nayo, kisha akamwomba profesa atoke chumbani. Nao baadhi ya madaktari wa akili walitaka programu za namna hiyo zitibu wagonjwa. Mwaka 1976 alitoa kitabu akisema zipo kazi, kama ya hakimu na ya daktari wa akili, ambazo kompyuta isipewe hata ikiziweza. John McCarthy, mmoja wa waasisi wa fani hiyo, alikishambulia vikali. Sisi tunaona Weizenbaum alikuwa na hoja. Mwaka 1996 alirejea Berlin, na alifariki mwaka 2008.

Programu za leo si ELIZA. Hizi hujifunza kutokana na maandishi mengi mno, na Kiswahili chake mara nyingi ni fasaha. Hata hivyo, tulimwomba mwanafunzi wetu atuletee mazungumzo yake yote yakiwa yamechapwa, akipigia mstari kila kosa lake la upatanisho wa kisarufi ambalo "rafiki" huyo aliliacha lipite. Ameshaleta kurasa mbili. Mistari ni mingi.