Kuweka hewani mfumo wa Laravel kwenye wingu: Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita

Kuweka mfumo hewani ni kazi ya kuhamisha programu ya wavuti kutoka kompyuta ya mwandaaji hadi kwenye seva ambayo watumiaji huifikia kwa intaneti. Makala haya yanahusu mifumo iliyoandikwa kwa Laravel, fremuweki ya lugha ya PHP, inayowekwa kwenye jukwaa la wingu na kutumiwa katika mikoa ya Shinyanga na Geita. Msingi wa kazi yote ni kutenganisha vitu vitatu: msimbo, siri na data.

Asili

PHP ilitolewa kwa umma na Rasmus Lerdorf mwaka 1995. Fremuweki zake zilikuja baadaye: Symfony mwaka 2005, CodeIgniter mwaka 2006, na Laravel ya Taylor Otwell mwaka 2011. Kwa muda mrefu njia ya kawaida ilikuwa kukodi nafasi kwenye seva inayotumiwa na wengi, kisha kupakia faili kwa mkono. Njia hiyo bado ni rahisi kwa bei, lakini faili moja ikisahaulika, mfumo unaoonekana na wateja huwa tofauti na ule uliojaribiwa.

Heroku, iliyoanzishwa mwaka 2007 na kununuliwa na Salesforce mwaka 2010, ilieneza utaratibu mwingine: mwandaaji anasukuma msimbo kwa Git, zana ya kutunza matoleo ya msimbo, na jukwaa lenyewe linausoma, linaleta maktaba zinazohitajika na kuuwasha mfumo. Huduma yake ya bure ilifungwa tarehe 28 Novemba 2022, na walioitegemea walilazimika kulipa au kuhama. Majukwaa mengi yaliyofuata yanatumia utaratibu huohuo.

Mahitaji ya ukanda

Mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012. Migodi mikubwa, kama wa Geita ulioanza kuzalisha mwaka 2000 na Bulyanhulu ulioanza mwaka 2001, ina mifumo yake. Leseni za madini husimamiwa na Tume ya Madini. Hivyo mwandaaji wa kujitegemea hukuta kazi kwa watu wa katikati: wenye karasha (mashine za kusaga mawe ya dhahabu), wamiliki wa mialo (sehemu za kuchenjulia dhahabu), wauza vipuri na pampu, na vikundi vya wachimbaji wadogo wa maeneo kama Rwamgasa, Nyarugusu na Mwakitolyo.

Daftari la karasha ni mfano mzuri. Kila mzigo wa mawe una jina la mchimbaji, idadi ya mifuko, saa ulipoingia, malipo na picha ya risiti. Mauzo ya dhahabu yana hesabu zake pia. Soko la Madini la Geita lilifunguliwa tarehe 17 Machi 2019, na miaka miwili kabla yake mrabaha wa dhahabu ulikuwa umepanda kutoka asilimia 4 hadi 6, ikaongezwa ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Viwango vya aina hii hubadilishwa kwa sheria, kwa hiyo hukaa kwenye jedwali la hifadhidata pamoja na tarehe ya kuanza kutumika. Vikiandikwa ndani ya msimbo, kila mabadiliko ya bajeti yatadai kuuweka mfumo hewani upya, na hesabu za zamani zinaweza kuharibika.

Hatua

Msimbo huhifadhiwa kwenye Git pamoja na faili ya composer.lock, inayotaja toleo kamili la kila maktaba. Bila faili hiyo, seva inaweza kuleta toleo jipya ambalo halikujaribiwa.

Siri hazipelekwi pamoja na msimbo. Nywila ya hifadhidata, funguo za huduma ya malipo na APP_KEY, ufunguo ambao Laravel huutumia kusimba data, hubaki nje ya Git. Kwenye kompyuta ya mwandaaji hukaa katika faili ya .env, kwenye wingu huandikwa katika ukurasa wa mipangilio wa jukwaa. APP_KEY ikibadilishwa kiholela, watumiaji wote watatolewa kwenye akaunti zao na data iliyosimbwa kwa ufunguo wa zamani haitasomeka.

Seva huelekezwa kwenye folda ya public, yenye faili ya index.php, wala si kwenye folda kuu ya mradi. Ikielekezwa kwenye folda kuu, mtu yeyote anaweza kufungua faili za ndani kwa kivinjari, ikiwemo .env kama ipo. Vilevile mpangilio wa APP_DEBUG huwekwa false, kwa kuwa ukurasa wa makosa wa Laravel huonyesha mambo ya ndani ya mfumo.

Majedwali hujengwa kwa amri ya php artisan migrate --force. Neno la mwisho linahitajika kwa sababu Laravel, ikiwa katika mazingira ya kazi, huuliza kwanza kabla ya kugusa hifadhidata, na kwenye wingu hakuna mtu wa kujibu. Chelezo huchukuliwa kabla ya hatua hii.

Hitilafu zinazojirudia

Ya kwanza ni kupotea kwa faili. Diski ya majukwaa kama Heroku ni ya muda: mfumo ukiwashwa upya, faili zote zilizopakiwa na watumiaji hufutika, na Heroku huwasha upya walau mara moja kwa siku. Picha ya risiti iliyopakiwa Nyarugusu asubuhi huenda isiwepo kesho yake, ingawa jina lake bado limo kwenye jedwali. Faili za watumiaji hupelekwa kwenye hifadhi ya nje, na data kwenye hifadhidata inayojitegemea.

Ya pili ni saa. Laravel huja ikiwa imepangwa kwa saa za dunia, UTC, nazo ziko nyuma ya saa za Tanzania kwa saa tatu. Karasha likifanya kazi usiku, mzigo ulioingia saa nane usiku utahesabiwa kuwa wa jana, na jumla ya siku haitalingana na daftari la mlinzi. Tiba ni kupanga ripoti za siku kwa saa za Africa/Dar_es_Salaam.

Ya tatu ni viungo vya http kwenye ukurasa wa https. Majukwaa mengi hupokea mawasiliano yaliyosimbwa mlangoni, kwenye seva ya mpatanishi (proxy), kisha huyapeleka ndani bila usimbaji. Laravel lazima iambiwe imwamini mpatanishi huyo, la sivyo fomu zinaweza kutumwa kwenye anwani isiyo salama.

Mtandao na umbali

Data ikitoka Geita kwenda seva ya Ulaya hupita nyaya za baharini. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Vituo vya data vya karibu kiasi vipo Afrika Kusini: Microsoft ilifungua vyake mwaka 2019, Amazon mwaka 2020 na Google mwaka 2024. Umbali ukipungua, kurasa hufunguka haraka, ila hatari ya kukatika haiishi. Kwa hiyo kurasa hufanywa nyepesi kwa simu za bei nafuu, na kazi nzito kama ripoti na ujumbe mfupi hupelekwa kwenye foleni zishughulikiwe nyuma ya pazia. Malipo ya simu hupewa namba ya kipekee ya muamala, ili mteja anayebonyeza tena mtandao ukirudi asilipishwe mara mbili.

Sheria

Majina, namba za simu na picha za wachimbaji ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023 na inasimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Inamtaka anayekusanya taarifa hizo ajisajili, na inaweka masharti ya kuzisafirisha nje ya nchi. Kuchagua seva ya Ulaya au Afrika Kusini, kwa hiyo, ni uamuzi wa kisheria pia. Mwenye biashara ndiye anayewajibika kwa taarifa za wateja wake, hata kama hajawahi kuiona seva wala kuandika mstari mmoja wa msimbo.