Lufira na ardhi iliyomezwa na maji
Mto Lufira, wenye kushuka mpaka kwetu Haut-Lomami na kuingia Lualaba karibu na ziwa Kisale, ulifungwa huko Mwadingusha zamani ya Wabeleji. Union Minière ilitafuta umeme wa kazi ya shaba. Mashine zilianza 1930. Nyuma ya ukuta kulikuwa bonde tambarare, basi maji yakatanda mamia ya kilometa za mraba. Ndilo ziwa Tshangalele. Malisho ya wanyama na udongo wa kulima vikazama. Wengine wanasemaka tulipata samaki, na ni kweli, wamelisha Likasi na Lubumbashi. Ndege wa maji nao wakaja. Mwaka 2017 bonde la Lufira liliandikwa katika mapatano ya Ramsar. Lakini mkulima alilazimika kujifunza nyavu, na samaki wakipungua, shamba la babu yake bado liko chini ya maji.